Kadi Iliyoandikwa Karoti

Saa sita na dakika nne mchana, Pasua. Ni Februari, na jua la Moshi mjini mwezi huu halimwonei mtu haya. Elisifa Munuo anabonyeza kitufe kimoja cha kibodi, anarudi nyuma hatua mbili, kisha anasogea tena na kuweka kiganja juu ya boksi la kompyuta, kama mama anayempima mtoto homa.

"Haya, imeanza," anasema.

Kwenye kioo anatazama namba mbili tu. Ya kwanza ni joto la kadi ya picha, kile kifaa kinachoifanya kompyuta ichore: nyuzi 61. Ya pili ni idadi ya picha zilizokwisha kuchorwa: mbili kati ya elfu moja na mia mbili.

Nyuma yake, kwenye benchi, amekaa mwenye mashine. Anaitwa Raya Salehe, ana miaka 27, mkazi wa Soweto, mtaa mwingine wa hapahapa Moshi, na kazi yake ni kuchora nyumba ambazo bado hazijajengwa. Anazigeuza filamu fupi: unafungua mlango, unapita sebuleni, unatokea barazani. Leo asubuhi mteja wake, daktari anayeishi nje ya nchi, amebadilisha paa. Saa moja jioni ndugu wa daktari huyo wanakutana mtandaoni kuamua kama nyumba inajengwa au haijengwi, na Raya anahitaji karibu saa nzima ya kuiunganisha filamu na kuituma.

Kwa hiyo picha zote ziwe tayari ikifika saa kumi na mbili na dakika chache. Ukigawanya, kila picha inapata sekunde kumi na nane. Mwezi uliopita kadi hiyohiyo, kwenye joto la Soweto, ilikuwa inatumia sekunde ishirini na tatu.

"Ikikwama leo, kesho napeleka mashine Arusha," Raya anasema. Anamtazama mwandishi wa makala haya lakini anamsemea fundi. "Na sirudi. Dada Elisifa anajua. Hii ni mara ya pili namwachia kazi yangu, na ya kwanza iliishaje anajua mwenyewe."

Elisifa anajua. Anachukua kitambaa na kufuta meza ambayo haina vumbi.

Kwa majirani wa Pasua yeye ni Mama Kindness, kwa jina la binti yake. Kwa vijana wanaomletea kompyuta zinazochemka yeye ni Mama Baridi. Ana miaka 39, mwembamba, na hajui kukaa. Mwandishi anamwomba aketi wazungumze. Anavuta kiti. Kabla swali la kwanza halijafika mwisho ameshakiacha anahesabu skrubu kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Wewe uliza tu," anasema. "Masikio hayahitaji kiti."

Anaeleza kazi yake akiwa anatembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kibanda chenyewe ni cha hatua nne. Kila kadi, anasema, hutoka kiwandani na mwendo wake iliopangiwa. Unaweza kuiamuru iende zaidi ya hapo. Vijana huita kuovaklok, yeye huita kuikaza. Ila ikikazwa inachemka, na ikichemka sana inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Unabaki na kelele za feni na kazi ileile.

"Kuikaza ni dakika mbili, hata wewe mwandishi nikikuonyesha utaweza. Shughuli ni joto. Hilo joto utalipeleka wapi? Hapo ndipo watu wanaponiletea mashine."

Kwa kusafisha mashine na kubadilisha pesti, ile dawa inayopakwa kati ya kadi na mapezi yake ya alumini, anatoza shilingi 30,000. Mwezi mzuri hupata mashine kumi na tano, mwezi mbaya nne, na pango la kibanda ni elfu tisini, iwe mvua iwe jua.

Saa saba kasoro dakika tano. Nyuzi 68. Elisifa anatoka nje, anarudi. Nyuzi 68. Anatoka tena.

"Mama Baridi, utaifukuza hiyo kadi," Raya anasema, na ni mara ya kwanza leo anatabasamu. Halitoki tabasamu zima.

Ufundi wake Elisifa haukuanzia kwenye kompyuta. Ulianzia kwenye maziwa, huko Machame, juu ya Kwa Sadala, kwenye kihamba cha wazazi wake, lile shamba la migomba la ukoo, ambako mama yake, Bibi Eliaichi, 71, bado anafuga ng'ombe wawili. Mwandishi alipanda huko juzi kumsalimia. Bibi alipokea shikamoo, akaleta ndizi za kuchemsha, akasubiri mgeni amalize sahani ndipo akakubali kuulizwa.

"Sisi tulikuwa hatuna friji," alisema. "Maziwa ya jioni tulikuwa tunayatia kwenye keni, tunaisimamisha ndani ya mfongo. Asubuhi yako salama. Elisifa alikuwa mdogo, akaja na ujanja, akachota maji kwenye beseni akaweka keni mule, ili asitembee. Yakachacha yote! Nikamwambia, mwanangu, maji yaliyosimama yanayaogesha maziwa tu. Lazima yapite, yakipita yanaondoka na joto."

Mfongo ni mfereji wa asili wa Wachaga, unaoteremsha maji ya mlima na kuyapitisha kihamba hadi kihamba. Ukikulia pembeni yake unaujua kama unavyoujua mlango wa kwenu.

Elisifa alipomaliza shule alipata kazi kwenye kituo cha kukusanya maziwa. Alikaa miaka tisa akilinda tangi la kupozea. Maziwa yaliingia na nyuzi thelathini na kitu, na yalipaswa kushuka hadi nne, haraka. Tangi likiharibika fundi alitoka mbali, basi yeye akajifunza kulifungua mwenyewe. Kituo kilipofungwa alishuka Pasua na boksi la spana, akaanza kutengeneza friji.

Siku moja mtu akamletea kompyuta. Ilikuwa inazimika yenyewe kila baada ya dakika ishirini.

"Nikaifungua, nikaona feni, nikaona mapezi, nikacheka peke yangu. Nikasema, kumbe na wewe ni mwenzetu! Usiku na mchana unatafuta pa kupelekea joto."

Alijifunza mengine kwa kutazama video na kwa kuharibu vya kwake. Lakini kuna kimoja alichoharibu ambacho hakikuwa chake, na hapo ndipo anaposimama dirishani na kukipa mgongo chumba kizima.

Julai mwaka jana Raya alimletea mashine yake. Wakati huo ilikuwa na kadi kubwa, aliyoinunua baada ya kudunduliza miaka miwili.

"Nilimpa asafishe feni," Raya anasema. "Feni tu! Yeye akaipandisha mlimani kama mtalii."

"Sikumwambia," Elisifa anakiri, bila kugeuka. "Nilijua atakataa."

Alikuwa na wazo lililomwasha miezi mingi. Maji ya mfongo ni ya baridi kali, yanapita mchana na usiku, na hayadai umeme. Yakipitishwa juu ya kadi, joto litakwenda wapi zaidi ya kushuka nayo bondeni? Kadi ile ingekazwa kuliko kadi yoyote aliyowahi kuisikia Moshi.

Ila maji ya mfongo hayachotwi kiholela. Kuna kamati, kuna zamu, na kuna daftari la katibu, Mzee Elimringi, 74, ambaye huandika jina la mtu, zao lake na saa zake. Elisifa alimkuta kwenye mgawanyo wa maji, mahali mfongo unapopiga mawe kwa kelele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unamwagilia nini?"

"Kadi."

"Karoti?"

Hapa Elisifa anafunika uso kwa viganja. "Nilikuwa na haraka jamani. Ningeanza kumweleza kadi ni nini, zamu ingepita. Nikasema ndiyo baba, karoti."

Daftari lipo, na mwandishi ameliona. Mwandiko ni wa shule za zamani, umelala kulia: Elisifa wa Eliaichi, karoti, saa tatu hadi saa tano.

Saa tatu asubuhi, nyumbani kwa mama yake, aliyafungulia maji. Aliyachuja kwa kitambaa kilekile cha kuchujia maziwa, akayapitisha kwenye mpira hadi kwenye kipande cha shaba kilichokaa juu ya kadi. Joto likaanguka hadi nyuzi 31. Akaikaza. Ikaenda. Akaikaza tena, ikaenda tena, na yeye moyoni anashangilia kama siku ya tangi kufika nne. Chumba cha pili mama yake alikuwa anapika mtori, mvuke unapita mlangoni. Nje, ukungu wa Julai ulikuwa umefunika migomba.

Mpira ukaanza kutoka jasho.

"Niliuona," anasema. "Nilisema nitaufuta, ngoja kwanza nione itafika wapi. Tone likaanguka. Halikupiga hata kelele. Kioo kikawa cheusi tu, basi. Nimepoza maziwa miaka tisa, bwana, na sijawahi kuona maziwa yaliyokufa kwa sababu ya baridi. Kwenye maziwa, kadiri yanavyopoa ndivyo unavyosifiwa. Nikadhani na kadi ni hivyohivyo. Ubaridi ukizidi ule wa chumba, unyevu unakuja wenyewe, na unyevu na umeme hawakai nyumba moja."

Balaa halikuishia hapo. Wiki iliyofuata Mzee Elimringi alipita kukagua, kama ilivyo desturi, akataka aonyeshwe karoti. Kulikuwa na migomba, kulikuwa na kahawa, kulikuwa na majani ya ng'ombe. Karoti haikuwepo hata moja.

"Nikamweleza ukweli wote," Elisifa anasema. "Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, binti yangu, hayo ya kompyuta mimi siyajui. Maji umeyachukua kwa jina la karoti, karoti tuzione."

Akapanda karoti. Alipanda tuta moja refu pembeni ya mfongo, akawa anapanda Machame kila Jumamosi kupalilia adhabu yake, huku majirani wakimuuliza kompyuta zinaendeleaje kuota.

Saa nane unusu. Picha 500 zimekwisha, nyuzi 68, sekunde kumi na saba na nusu kwa kila picha. Tumetangulia kidogo. Mwandishi anasema "tumetangulia" kwa sababu kufikia hapo naye ameshapoteza utulivu, anachungulia kioo kila dakika na chai yake imepoa.

Oktoba karoti zilipokomaa, Elisifa alizing'oa, akajaza mfuko, akakata na jani la isale kwenye mpaka wa kihamba. Kwa Wachaga, anayekuja na jani hilo amekuja kuomba msamaha, na haombi mara mbili. Akashuka nalo hadi Soweto.

"Nafungua mlango, namwona mtu kashika jani na mfuko," Raya anasimulia, na hasira ya siku ile inamrudia usoni. "Mashine alinirudishia kwa bodaboda, tangu hapo miezi mitatu hajaonekana. Anatuma ujumbe tu, pole, pole, nakuja. Kadi yangu imekufa, kazi nimezikosa, halafu wewe unaniletea karoti! Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie."

Aliyemzuia ni mama yake, Bi. Mwanajuma, aliyezaliwa na kukulia Moshi. Alichungulia kutoka ndani, akaliona jani. "Raya, hilo ni isale," alimwambia. "Hilo halirudishwi mlangoni. Mkaribishe mwenzio. Na hizo karoti zilete, zitafaa kwenye kachumbari."

Siku hiyo Elisifa alitoa kwenye mkoba kadi yake mwenyewe, ndogo, ya miaka mingi, akamkabidhi Raya. Akasema maneno ambayo Raya ameyashika hadi leo: nitaifanya hii ndogo ifanye kazi ya ile kubwa. Raya akaipokea. Lakini fundi alipoomba arudishiwe ile iliyokufa ajaribu kuifufua, alikataliwa palepale.

"Nilimwambia ile hutaigusa tena maishani mwako," Raya anasema. "Bora ikae imekufa kwangu."

Elisifa ameinama anafunga skrubu ambayo tayari imefungwa.

Tangu Oktoba amekuwa akihangaika na kadi hiyo ndogo. Maji ameyaweka kando. Amerudi kwenye maneno ya mama yake, kwamba kinachopoza ni kule kupita.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kuleta baridi," anasema. "Hata mimi nilidhani. Kumbe kazi ni kutoa joto. Ni vitu viwili! Ukileta baridi unaleta na jasho. Ukitoa joto, basi, limetoka, umemaliza."

Kwa hiyo amejenga mfongo wa hewa. Bomba la bati linaanzia ukuta wa mashariki wa kibanda, chini, ambako mchana hadi jioni kuna kivuli. Mdomoni amefunga kipande cha chandarua kuzuia vumbi la Pasua. Hewa inaingia moja kwa moja kwenye feni mbili za kadi, inapita, na bomba jingine linaitoa juu, chini ya paa. Haizunguki ndani hata kidogo. Ameitafutia njia ya kuingia na njia ya kutoka, na kadi ameikaza hadi mwendo wa megahezi 1,980, wakati kiwandani ilipangiwa 1,780.

Saa tisa kamili. Picha 600.

Saa tisa na dakika sita, feni zinabadilisha sauti. Elisifa anageuka kabla ya mtu mwingine kusikia. Nyuzi 72. Halafu 75. Halafu 79.

"Nini?" Raya amesimama. "Dada, nini?"

Nyuzi 83. Mwendo unaanguka wenyewe hadi 1,600. Picha inayofuata inachukua sekunde ishirini na mbili. Inayofuata, ishirini na mbili.

"Punguza basi! Au ongeza feni! Fanya kitu!"

Mkono wa Elisifa uko juu ya kibodi. Halafu anauondoa.

"Sigusi," anasema. "Sigusi kitu. Maji yakipungua shambani huchimbi shamba. Unapanda juu kuangalia nani kayafunga."

Anatoka mbio. Raya anamfuata, na mwandishi nyuma yao. Wanazunguka kona ya kibanda, upande wa mashariki, na hapo kivulini, nusu hatua kutoka mdomo wa bomba, yupo Godlove na jiko lake la chipsi.

Godlove huuza chipsi mbele, barabarani, miaka yote. Lakini mwavuli wake ulipasuka jana, jua la leo limemshinda, akahamia kivulini. Kivuli alichokichagua Elisifa kwa ajili ya hewa yake ndicho Godlove alichokiona kinafaa kwa kichwa chake. Makaa yamekolea, mafuta yanatokota, na lile joto lote linavutwa kwenye bomba.

"Kaka Godlove! Unaipikia kadi ya mtu!"

"Kadi gani tena, Mama Kindness? Mimi napika viazi."

"Hilo jiko lisogeze, nakuomba. Sasa hivi."

"Kivuli nacho umekilipia pango?" Godlove anageuza chipsi bila haraka. "Huko mbele nitaungua. Na mafuta haya yamechemka. Nikiyabeba yakinimwagikia, utanipoza wewe?"

Neno hilo la mwisho lina ukweli. Karai la mafuta yanayotokota halibebwi. Inabidi viazi vilivyomo viive, makaa yapunguzwe, mafuta yatulie. Raya ameshika kichwa. Anahesabu kwa sauti, kila sekunde ishirini na mbili, kama mtu anayehesabu hasara inapomtoka mfukoni.

Ndipo Elisifa anapofanya jambo ambalo mama yake angelitambua. Anaacha kugombana. Kwenye mfongo, ukitaka mwenzio akufungulie maji, lazima na yeye umpe zamu yake. Anaingia kibandani, anatoka na karatasi nzima ya bati iliyobaki alipojenga bomba, na waya.

"Nakutengenezea kivuli chako mwenyewe, pale pale mbele ulipozoea. Chako cha kudumu. Wewe ivisha hivyo viazi, ukimaliza hapo tuhame."

Godlove anamtazama, anatazama bati. "La kudumu?"

"Kaka, nishike bati au tubishane?"

Kwa nusu saa wanafanya kazi kwenye jua. Elisifa anafunga waya kwenye nguzo mbili. Raya, aliyekuja na viatu vya ofisini na hijabu yake nyeupe, amesimama juu ya kreti la soda akiinua bati kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Mwandishi ameshikishwa koleo. Wateja wawili wa chipsi wanatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Saa kumi kasoro dakika kumi, jiko linahamia chini ya bati. Wote watatu wanarudi ndani karibu wakigongana mlangoni.

Nyuzi 80. Sabini na sita. Sabini na moja. Sitini na nane. Mwendo unapanda wenyewe: 1,980.

Picha 736. Kwa wakati huo zingepaswa kuwa 753.

"Tuko nyuma kumi na saba," Raya anasema. "Ikaze zaidi. Hata kidogo. Umeniambia mwenyewe inaweza kufika elfu mbili na hamsini."

"Inaweza."

"Basi!"

Elisifa anaitazama kibodi. Mwanamke huyu ambaye tangu mchana hajaacha kitu mahali pake, aliyefuta meza mara saba, sasa ameweka mikono nyuma ya mgongo na kufungamanisha vidole.

"Julai nilisema ngoja nione itafika wapi," anasema. "Raya mdogo wangu, hapa ilipo inatufikisha. Tukiwa na haraka zaidi ya hapa tutafika bila kadi. Niache nisiiguse."

Raya anamkazia macho. Kisha anarudi kwenye benchi, anakaa, anafumba macho, na midomo inacheza kwa dua.

Saa mbili zinazofuata ni ndefu, na hakuna namna ya kuzisimulia ziwe fupi. Elisifa anatembea hatua nne, anageuka, hatua nne. Mikono haijafunguka. Godlove analeta sahani ya chipsi, anaambiwa aweke hapo, hakuna anayekula. Saa kumi na moja, picha 974. Saa kumi na moja na nusu, 1,076. Nyuzi 67, kwa maana jua limeanza kuchoka.

Saa kumi na mbili na dakika sita jioni, namba ya pili inasoma 1,200.

Hakuna anayeshangilia. Raya anaruka kwenye kiti, anaunganisha picha, anatuma. Kwa dakika arobaini kibanda kizima kinatazama mstari mmoja wa kijani ukisogea kwenye kioo. Saa moja kasoro dakika nane simu yake inalia mlio wa ujumbe: ni daktari. Anasoma, anaupeleka mkono mdomoni, kisha anausoma kwa sauti.

"Imefika. Mama yangu amelipenda paa."

"Alhamdulillahi," anasema Raya.

"Asante Yesu," anasema Elisifa kwa wakati uleule, na wanacheka kwa mara ya kwanza, kicheko cha watu waliochoka hadi kwenye mifupa.

Mwandishi anauliza swali la kufunga, kwamba baada ya hapa anapanga nini. Elisifa anajibu akiwa anatembea, kama kawaida. Machi kamati ya mfongo inakaa kugawa zamu mpya. Anataka kuomba nafasi ya kulaza bomba refu la shaba ndani ya mfongo, maji yake yakizunguka ndani kwa ndani, ya mfongo yakipita nje yake bila kuguswa, yaende kumwagilia watu. Na hatayaacha yapoe kuliko chumba. Kwa bomba hilo anaamini anaweza kupoza mashine kumi kwa pamoja.

"Na nitamsimamia Mzee Elimringi kwenye daftari lake, herufi kwa herufi," anasema. "Ka, di. Akisema karoti, narudia. Hata jua lizame."

Raya amekuwa akikusanya vitu vyake. Sasa ameacha. Anaingiza mkono chini kabisa kwenye mkoba, anatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha khanga, na kukifungua juu ya meza. Ni kadi kubwa, nyeusi, na pembeni ina doa jeupe mahali tone lilipoangukia.

"Nimekuwa natembea nayo tangu Oktoba," anasema. "Kila nikija hapa naibeba, kila nikiondoka naondoka nayo. Nilikuwa sijui kwa nini."

Anaisukuma kidogo mbele.

"Ijaribu, dada."

Elisifa anaipokea kwa mikono miwili. Anaigeuza, analitazama lile doa. Anavuta kiti. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu saa sita mchana, anakaa.